Usilipe hata mia kabla hujaliendesha mpaka kobe awake

Mkuu, simama hapo hapo. Usitume hiyo advansi.

Nimesoma mada yako mara mbili. Unataka kusambaza vifurushi na barua za maofisini kwa van ya umeme, umeonyeshwa Nissan e-NV200 ya 2015 yadi, "vijiti vyote 12 vya betri vimejaa", dalali anataka milioni tano kesho asubuhi. Unauliza gharama ya kuchaji, bima, spea, na kama itavuka maji ya Jangwani wakati wa masika. La kuchaji tutalifikia, mengine yasubiri. Kwanza hivyo vijiti 12 vya kwenye dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri, maana ndivyo vilivyonifilisi mimi.

Van ya umeme ya miaka kumi yenye vijiti 12 ni kama bibi wa miaka tisini mwenye meno yote. Inawezekana. Ila mpe kwanza muhindi wa kuchoma tuone.

Mimi nilikuwa na kandarasi ndogo. Alfajiri napakia vifurushi vya mabasi stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, naingia mjini kuchukua barua za benki, halafu Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta, namalizia Bunju. Kilomita 85, siku nyingine 90. Kirikuu yangu ilikuwa inakunywa petroli kama imetumwa, nikaanza kutafuta umeme. Akatokea kijana mmoja, jina nalihifadhi ingawa hastahili. Akanifungulia simu, akanionyesha habari ya 2019: Posta ya Japani inaagiza Minicab-MiEV, van ndogo za umeme za Mitsubishi, 1,200 za kusambazia barua na vifurushi. Habari ya kweli kabisa. "Mzee, Wajapani ni wajinga?" Nikajiona nabishana na taifa zima. Nikalipa milioni 24, nyingine za SACCOS, kwa van ya aina nyingine kabisa. (Aina siitaji, kiwanda hakina kosa.)

Alichosahau kuniambia ni kwamba Posta ya Japani ilinunua magari mapya. Mimi nilinunua gari ambalo Mjapani alikwishalichoka.

Jaribio langu la gari? Nililizungusha yadi mara mbili, AC imewashwa, nikasifia jinsi lisivyopiga kelele. Nacheka sasa hivi, ila siku hiyo mama watoto hakucheka.

Wiki ya kwanza raha tupu. Wiki ya tatu kijiti kimoja kikapotea. Nikasema joto la Dar. Kikapotea cha pili, cha tatu. Wiki ya sita vimebaki saba, na Alhamisi moja nimefika Afrikana kwenye foleni, gari limejaa, kuna hadi vitenge vya sendoff ya kesho yake, ikawaka taa ya kobe. Kama huijui: kuna kataa kenye picha ya kobe, kakiwaka maana yake gari limepunguza nguvu, linatambaa tu. Daladala nyuma inanipigia honi, mimi nakanyaga mafuta yasiyokuwepo. Bodaboda mmoja akachungulia dirishani, akaona dashibodi, akaniuliza kwa heshima zote: "Mzee, huyo kobe anakwenda wapi?"

Kobe hakufika Tegeta. Likazima. Mwenye gari la kuvuta akaja na kamba, nikamkatalia, maana gari la umeme halivutwi magurudumu yanayoendeshwa na mota yakiwa chini. Mota inazunguka na kuzalisha umeme, unaunguza vitu. Ikabidi litafutwe la kubeba mgongoni. Vifurushi vikamaliziwa na bodaboda saba kwa hela yangu. Mwenye vitenge alinipigia simu mpaka saa sita usiku. Mwezi uliofuata kandarasi sikupewa.

Sasa sikiliza alichoniambia fundi, hii ndiyo sehemu ya kunakili. Vile vijiti si betri. Ni kompyuta inavyodhani betri ilivyo. Kuna watu wana programu ya kufuta kumbukumbu hiyo, kompyuta inaanza upya ikiamini betri ni mpya, vijiti vinarudi 12. Inachukua wiki kadhaa za kuchaji na kutembea hadi ijifunze ukweli, na kufikia hapo dalali ameshakula hela na namba amebadilisha. Kilomita zimerudishwa nyuma tumezizoea, leo wanarudisha na betri! Betri nyingine, tena yenyewe imetumika, niliambiwa milioni 11 kabla ya kuifunga.

Waliosema juu hapo "chomeka kidude cha OBD usome afya ya betri", nawaheshimu, lakini kidude kinasoma kile kompyuta inachokiambia. Kompyuta ikidanganywa, nacho kinadanganya. Mimi kidude ninacho, nilikinunua baada ya msiba.

Kitu kimoja tu hakidanganywi: barabara. Lichajiwe mbele ya macho yako mpaka lijae, andika kilomita, pakia uzito unaobeba kila siku, magunia ya mchele au mchanga, vyovyote. Ingia njia yako halisi, foleni yako halisi, AC kama unaitumia. Endesha mpaka kobe awake. Hizo e-NV200 za mwanzo zilitoka kiwandani na betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24 za LUKU. Van yenye mzigo mjini mimi nahesabu uniti moja kwa kilomita tano hivi, na zote 24 huzipati, gari linabakiza akiba. Ikivuka 95 nunua, nitakuja kula pilau. Kobe akiwaka kwenye 50, nusu ya betri iko kaburini na wewe unauziwa marehemu. Langu, nilipokuja kulipima baadaye kwa akili timamu, lilitoa 48.

Dalali atakwambia kulimaliza chaji kunaua betri. Mara moja haliui kitu. Kinachoua ni kuliacha juani limejaa pomoni siku nzima, kila siku, kama yadi zinavyofanya.

Kuna Minicab za zamani za kilowati-saa 10.5 zenye seli za Toshiba. Watu wanazidharau kwa udogo, lakini seli hizo ni ngumu kuchakaa kuliko za Minicab yenye betri kubwa, ya kilowati-saa 16. Kwa njia fupi ya Kariakoo na Posta ningechukua hiyo, nirudi mchana kuchaji.

Gharama ya kuchaji: elfu kumi unapata uniti kama 28. Linganisha mwenyewe na petroli, hapo umeme unashinda hata mimi niliyeumizwa nakiri. Chaji kwa soketi yenye waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi. Ekistensheni ya sebuleni ilinifundisha harufu ya plastiki inayoungua saa tisa usiku.

Na wewe ndugu uliyeleta mfano wa Posta ya Ujerumani: Deutsche Post mwaka 2014 walinunua kampuni nzima inayotengeneza hizo van, StreetScooter. Mleta mada ana soketi moja na mke anayetaka kupiga pasi.

Mkuu, mpigie huyo dalali leo. Mwambie kesho badala ya milioni tano unakuja na magunia manne ya mchele, mnakwenda Bunju na kurudi, mpaka kobe awake. Sababu atakayoitoa ya kukataa, iandike hapa neno kwa neno. Jumamosi sina kazi, na magunia yangu bado yapo.