Usinunue ubao mama kwa kusoma boksi

Juzi msomaji mmoja aliyejijengea kompyuta kwa mara ya kwanza ameniandikia: "Kaka, nimenunua ubao wenye USB4 ya gigabiti 40. SSD yangu ya nje imeandikwa megabaiti 2,000 kwa sekunde, lakini nikikopi faili inagota kwenye 1,000. Nimeibiwa?"

Hujaibiwa, ndugu yangu. SSD (diski za kasi za kuhifadhi data) nyingi za nje za kasi hiyo hutumia kiwango kinachoitwa USB 3.2 Gen 2x2, kilichotoka mwaka 2017 na kinachobeba gigabiti 20 kwa sekunde. USB4 ilipotangazwa mwaka 2019 haikulazimishwa kukikubali kiwango hicho. Basi vitu hivi viwili vikikutana, mara nyingi hushuka hadi pale vinapoelewana, yaani gigabiti 10, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hiyo ndiyo megabaiti 1,000 hivi unayoiona. Tundu ni zima na SSD ni nzima. Ungenunua SSD ya USB4 yenyewe, ungeona tofauti siku hiyo hiyo.

Swali hili limenikuta nikiwa nimetoka kukamilisha mashine yangu mpya ya kuhariri video, na ninasema kwa fahari kwamba hakuna tundu hata moja nyuma yake ambalo sikujua litafanya nini kabla ya kutoa hela. Haikuwa bahati. Nilisoma.

Kuna duka nililoingia nikaomba kuonyeshwa kijitabu cha maelezo cha ubao niliokuwa nautaka. Muuzaji alicheka, akamwita mwenzake naye aje acheke. "Bosi, ubao ni ubao, wewe angalia soketi tu." Nikaaga nikaondoka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile kifua kinabana, kwa sababu najua wangapi wameambiwa maneno hayo, wakaamini, wakalipa.

Nilirudi nyumbani nikapakua kijitabu kutoka tovuti ya mtengenezaji. Kinapatikana bure, na watengenezaji karibu wote wanaviweka wazi. Nikaenda moja kwa moja kwenye jedwali la sloti za M.2, zile za kuchomeka SSD za ndani. Chini yake, kwa herufi ndogo sana, kulikuwa na alama ya nyota, na mbele ya nyota sentensi moja: sloti ya pili inagawana njia na matundu ya USB4. Yaani ukichomeka SSD ya pili pale, USB4 uliyoilipia inapunguziwa kasi. Kwenye boksi, USB4 imeandikwa kwa herufi kubwa zinazong'aa. Nyota haipo.

Kwa nini iwe hivyo? Prosesa za mezani za AMD, Ryzen 7000 na 9000, zina njia 28 za PCIe, yaani njia za data kati ya prosesa na vifaa vingine. Kadi ya picha inachukua 16. Nne zinakwenda kwenye chipuseti, chipu ya ubao inayohudumia matundu na sloti nyingine. Nne nyingine ni za SSD ya kwanza. Zinabaki nne, na hizo ndizo zinazogombaniwa na SSD ya pili na USB4. Ni maji ya tangi moja: ukiongeza bomba hujaongeza maji. Mbao zenye chipuseti za X870 na X870E, zilizotoka 2024, zinatakiwa ziwe na USB4, kwa hiyo ugomvi huu utaukuta kwenye nyingi kati yake, na kila mtengenezaji anauamua kwa namna yake. Upande wa Intel, kwenye soketi ya LGA1700, hadithi ni nyingine: ukiona sloti ya M.2 ya PCIe 5.0, jua mara nyingi njia zake zimechukuliwa kutoka kwa kadi ya picha. SSD ikiingia humo, kadi inashuka kutoka njia 16 hadi 8.

Mimi niliuacha ubao ule wa nyota, nikachukua mwingine ambao SSD zangu mbili zinakaa bila kuigusa USB4. SSD ya pili inapitia kwenye chipuseti kwa PCIe 4.0, na kwa kuhifadhi video mbichi hiyo inatosha kabisa. Nikihamisha picha za harusi nzima kutoka SSD ya nje, kazi inaisha kabla sijapanga meza.

Sasa nisikilizeni ninyi mnaojenga mwaka huu. Acheni kulipia namba. PCIe 5.0 kwenye sloti ya kadi ya picha ni nzuri kuwa nayo, lakini kadi za leo zikiwa kwenye 4.0 yenye njia 16 hazipotezi kitu cha maana. Hela yako ipeleke kwenye matundu ya nyuma na sloti za M.2, kwa sababu hayo ndiyo utakayoishi nayo miaka yote. Na umbo lisikudanganye: Type-C, lile tundu la USB linaloingia upande wowote, ni umbo tu, ndani yake kunaweza kuwa na gigabiti 5 au 40. Majina nayo yamevurugwa. USB 3.0 ya mwaka 2008 ikaja kuitwa 3.1 Gen 1, kisha 3.2 Gen 1, na kasi ni ile ile ya gigabiti 5. Soma gigabiti, jina liache. Narudia: soma gigabiti.

Angalia pia kesi yako, yaani kasha la kompyuta. Kama ina tundu la Type-C mbele, ubao lazima uwe na kichwa maalumu cha kupokea waya wa tundu hilo, kile kidogo kilichofungwa pande zote. Kisipokuwepo, tundu la mbele litabaki pambo. Wi-Fi 7 na mtandao wa waya wa gigabiti 2.5 siku hizi vimeenea kwenye mbao mpya, havihitaji kukunyima usingizi.

Kuhusu RAM: AM5, soketi ya prosesa hizo za Ryzen, inakubali RAM ya aina ya DDR5 pekee, na DDR4 haiingii hata ukilazimisha. Nunua vipande viwili vikubwa, usinunue vinne vidogo. Kwa Ryzen 7000, kasi rasmi ya vipande viwili ni 5200, ukijaza vinne inashuka hadi 3600. Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa huku feni zikizunguka. Ubao unaipima RAM. Usizime, usianze kuchomoa vitu, subiri mpaka BIOS, programu ya mwanzo ya ubao, itokee.