Maswali yenu: Tertuliano kasingiziwa tena

*Si Tertuliano alisema "naamini kwa sababu ni upuuzi"? Sasa akili ya nini kanisani?*

Hili nalo limerudi, jamani. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini wa karne za mwanzo, hakusema hivyo. Alikuwa anabishana na watu waliokataa kwamba Kristo alikuwa na mwili wa kweli, akaandika kuwa kifo cha Mwana wa Mungu kinasadikika kwa vile hakiingii akilini. Na huyohuyo, kwenye kitabu chake cha toba, anasema akili ni kitu cha Mungu, maana Mungu hakupanga chochote bila akili. Mnaokota nusu mstari kwenye picha za WhatsApp halafu mnakuja kunigombeza mimi.

*Konstantino ndo alichagua vitabu vya Biblia pale Nisea?*

Hapana. Kwenye mkutano wa maaskofu wa Nisea, mwaka 325, chini ya mfalme Konstantino, ugomvi ulikuwa wa Ario, padri aliyefundisha kwamba Kristo aliumbwa. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunaikuta kwa Atanasi, askofu wa Aleksandria, mwaka 367, Konstantino kashakufa miaka 30.

*Jirani yangu hana dini ila ni mwaminifu kuliko wazee wetu wa kanisa. Wema huo kautoa wapi?*

Soma Warumi 2:14-15 kwanza: wasio na Sheria ya Musa nao wana sheria iliyoandikwa mioyoni. Halafu Yustino, mwanafalsafa Mkristo, kwenye miaka ya 150 huko Roma, alisema Neno, ambalo kwa Kigiriki ni akili pia, limepanda mbegu kwa kila mtu, ndo maana akamhesabu Sokrates kuwa Mkristo japo watu walimwita mkana Mungu. Augustino naye, aliyekuja kuwa askofu Afrika Kaskazini, akiwa na miaka 16 alitoka usiku na wenzake wakatikisa mpeari wa watu, wakabeba mzigo mzima, njaa hawana, nyingi wakawatupia nguruwe. Baadaye anakiri wizi unakatazwa na sheria iliyoandikwa mioyoni, maana hata mwizi hakubali kuibiwa. Mwizi wa kuku wa mtaani kwenu, hebu mwibie simu uone.

Ila msinibebeshe kwamba dini zote ni sawa, Yustino alisema wengine walipata vipande tu, Neno zima ni Kristo. Na hao wazee wenu, kagueni daftari la sadaka.

*Mchungaji wetu anasema sayansi ni ya shetani.*

Augustino akifafanua Mwanzo alikereka na Wakristo wanaoropoka kuhusu nyota na kupatwa kwa jua mbele ya wasioamini wanaoyajua hayo vizuri: wakitusikia tunakosea walichokipima wenyewe, watatuamini vipi kuhusu ufufuo? Mpelekee hilo. Na kama ndo huyo anayewaambia mtupe ARV, we meza dawa zako kwanza, mengine tutaongea.