Kabla hujabonyeza "tuma": kwa wadogo zangu wapya kwenye kazi ya kuajiri

Juzi kijana wetu mmoja, mzuri tu, yuko nasi tangu Januari, kapanga mahojiano ya mwisho ya mkurugenzi mtendaji wiki ya kwanza ya Mei. Mteja ni shirika la miundombinu la Wacree, wenyeji wa asili wa hapa Kanada, wale wa kando ya James Bay. Barua pepe yake haikujibiwa. Akatuma ya pili, akatuma ya tatu, kisha akaja mezani kwangu kulalamika kwamba hawa watu hawako siriasi. Mwanangu, bata bukini wamerudi! Shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, chifu yuko porini na bunduki na wajukuu. Umepanga mahojiano Lamu asubuhi ya Idi halafu unashangaa simu haishikwi.

Nilicheka sana. Halafu nikakumbuka ya kwangu, kicheko kikakatika. Ndiyo maana naandika.

1. Kalenda kabla ya kila kitu. Masika yao ni bukini, vuli ni mawindo makubwa, na kukitokea msiba kila kitu kinasimama mpaka mtu azikwe. Hili la msiba sisi tumezaliwa nalo, ila tukishaning'iniza kadi ya ofisi shingoni tunajitia hatulijui. Angalia na uchaguzi: jamii zinazochagua chini ya ile Sheria ya Wahindi ya 1876 (si Wahindi wa India, ndivyo sheria inavyowaita wenyeji wa asili) hurudi kwenye kura kila miaka 2. Bodi iliyokupa kazi Machi huenda siyo utakayoikuta Septemba.

2. Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za wenyeji wa asili kama hao Wacree, hapa Kanada ni zaidi ya 630. Usiniandikie tena "utamaduni wao" kana kwamba ni kijiji kimoja. Wataynikaneyap, kampuni ya umeme ya kaskazini-magharibi mwa Ontario, ina Mataifa 24 kama wamiliki. Bosi wa shirika la namna hiyo hujibu machifu 24, na kila mmoja ana watu wake nyuma. (Na tafadhali, wale mliotoka Kenya: chifu wa huku mara nyingi kapigiwa kura na watu wake. Si yule wetu wa kofia ya serikali anayekimbizana na chang'aa.)

3. Vigezo vya lazima. Hapa ndipo nilipoungua.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipewa kutafuta mkurugenzi mtendaji wa shirika la maji la jamii kadhaa za kaskazini, zile za kufikiwa kwa ndege. Tangazo niliandika mimi. Shahada ya uhandisi, lazima. Miaka 15 ya uongozi wa ngazi ya juu, lazima. Uzoefu katika kampuni ya maji ya mji mkubwa, lazima. Nilijiona mtaalamu kweli. Mimi naishi Winnipeg. Maji ninayochemshia chai yanatoka Shoal Lake, na mji huu umekuwa ukiyavuta tangu 1919. Shoal Lake 40, watu walio kando ya ziwa hilohilo, waliishi na amri ya kuchemsha maji kuanzia 1997, na wakati ule ilikuwa bado haijaondolewa, iliondoka 2021. Nilikuwa nalijua hilo. Na bado nikaweka maji ya mji mkubwa kuwa kipimo cha nani anajua maji.

Walituma maombi 61. Mmoja alikuwa mama wa jamii mojawapo, barua ya ukurasa mmoja na nusu. Aliendesha mtambo wa maji wa kwao miaka 19. Aliandika kwamba Januari moja pampu ilikufa, akalala mtamboni siku 4 na mwanawe wakizuia mabomba yasigande. Niliisoma mara mbili. Niliipenda. Nikaangalia safu ya shahada: tupu. Nikambonyezea "hapana", na Ijumaa saa tano usiku mfumo ukamtumia ile barua yetu, "Mpendwa Mwombaji".

Nikapeleka wanne mbele ya bodi, karatasi za rangi, jalada limenyooka. Mzee mmoja alifungua, akafunga. Akauliza, "Na fulani?" Akamtaja mama yule kwa jina. Kikaingia kimya. Nami, kwa ujinga, nikakijaza: nikaeleza alama, jedwali, haki kwa waombaji wote. Nilipomaliza kimya kikarudi palepale kilipokuwa. Kisha mzee akaniuliza ninatoka wapi. Winnipeg, nikasema. Akangoja. Kenya. Wapi Kenya? Kinango. Watu wako ni akina nani? Nikajikuta namweleza bibi yangu, alivyoamka usiku kwenda silanga na mtungi ili awatangulie ng'ombe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasogeza jalada langu upande wangu wa meza. "Hawa umewauliza hilo?"

Sikuwa nimewauliza.

Nilimpigia mama yule mwenyewe, siku ileile. Alinishukuru kwa upole ulionichoma kuliko tusi, akasema ameshasoma barua yetu na hana nia ya kuomba mara mbili. Kiti kikakaa na kaimu miezi 14. Kaimu hakuwa na mamlaka ya kusaini manunuzi makubwa, na kule mabomba hupanda kwa barabara ya barafu, ile ya juu ya maziwa yaliyoganda, wiki chache za katikati ya baridi. Barabara ikafunguka, ikayeyuka. Mabomba yalibaki kwenye yadi hapa mjini mpaka baridi iliyofuata. Njia yangu ya kwenda kazini ilipita pale. Niliyaona kila asubuhi, ya buluu, theluji juu yake, halafu nyasi.

4. Mtu akijiita wa asili, usitosheke na kisanduku alichotia alama, wala usimkate kwa kukosa kadi ya hadhi, ile ya serikali ya kumtambua chini ya Sheria ya Wahindi. Wako wanawake waliopokonywa hadhi kwa kuolewa nje, sheria ikaanza kuwarudishia 1985 tu, na wajukuu wengine wameachwa hadi leo. Uliza jamii anayoitaja: mnamjua?

5. Kwa Waanishinaabe, wenyeji wengine wa asili, na Wacree wengi, ukimwomba mzee afungue kikao kwa dua, mpe tumbaku mkononi kabla. Inuit, wale wenyeji wa kaskazini kabisa, wana yao, uliza.

6. Mshahara uandikwe kwenye tangazo. Na nyumba: kule nyumba ni haba, usimwache mwombaji aligundue hilo akiwa na masanduku uwanja wa ndege.

7. Kimya kikiingia, nyamaza nawe. Mimi bado nahesabu vidole vya miguu ndani ya kiatu.

Yule kijana nimemwambia afute barua zake zote tatu, apige simu wiki ya tatu ya Mei, na asianze na ratiba. Aanze na bukini: mwaka huu wamepatikana wangapi.