Mfiwa anahitaji mtu wa wiki ya tatu

Kwa kuzika, watu wa Ujiji, hapa Kigoma, hatuna shida. Habari ikitoka alfajiri, saa mbili imeshafika Mwanga na Gungu, turubai limefungwa, vijana wako makaburini, kina mama wamebandika masufuria. Mume wangu alipofariki sikujua nani alinunua sanda wala nani alishika daftari la rambirambi. Nilikalishwa mkekani, nikashikwa mikono. Mungu awalipe wote.

Ninachotaka kusema ni cha baada ya hapo. Khitma imesomwa, ndugu wa Kasulu wamepanda basi, wa Tabora wamepanda treni, ndani wamebaki mjane na watoto. Hapo ndipo msiba unapoanza kukaa na wewe mezani, na hapo ndipo watu wanapoacha kuja.

Mimi nilikuwa kwenye eda, miezi minne na siku kumi, na riziki yangu ni dagaa. Dagaa hawangoji eda. Jirani yangu hakuniuliza nahitaji nini. Alikuja akasema, "Mzigo wako nitauanika pamoja na wangu." Kila jioni aliniletea hesabu kwenye kikaratasi: ndoo ngapi, zimekwenda kwa bei gani, mbebaji kalipwa ngapi. Kisha anahesabu pesa mbele yangu, noti moja moja. Siku mvua ilipowanyeshea dagaa wakaharibika, aliniambia vilevile, hakunificha kwa sababu ni mjane. Ile hesabu ilinipa nguvu kuliko maneno mengi niliyoambiwa, maana nilijua nyumba yangu bado naiendesha mimi.

Kwa hiyo ukimwambia mfiwa "ukiwa na shida niambie," umemwongezea kazi. Hana nguvu ya kuchagua ipi ni shida ya kusema na ipi ya kunyamazia. Tazama mwenyewe. Kuna maji ya kuchota, kuna mtoto wa kupeleka shule. Kuna na makaratasi, ambayo wengi huyasahau: kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, cheti cha kifo kifuatiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, kikao cha ukoo kikae na muhtasari uandikwe, ndipo mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo. Mjane aliye ndani ya eda akipata mtu mwaminifu wa kumpigia foleni hizo, amepata ndugu. Na madai ya madeni yasiletwe kabla machozi hayajakauka. Yaandikwe, yangoje kikao.

Wavuvi wenzake marehemu walinitembelea mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, na siku hizo walikuja kukaa nje na shemeji yangu mkubwa. Walisimulia visa vya marehemu ziwani, upepo uliowapeleka mbali, ubishi wake kuhusu nyavu. Nilikuwa nasikiliza kutoka ndani, nacheka na kulia. Watu huogopa kumtaja marehemu wakidhani watamkumbusha mfiwa. Hajasahau! Anayemtaja kwa wema anampa nafasi ya kusema yaliyomjaa kifuani. Lakini "jikaze", "usilie", "utapata mwingine", hayo yaacheni mlangoni.

La watoto linaniuma zaidi. Mwanangu mdogo aliambiwa na watu wazima kwamba baba kasafiri. Katika mji huu wa treni na meli, mtoto akiambiwa baba kasafiri anangoja. Kila boti ikirudi mwaloni alikuwa anataka kukimbilia ufukweni. Nilimkalisha nikamwambia baba amekufa, mwili wake uko kaburini, hatarudi, na si kosa la mtu yeyote. Alilia sana. Aliuliza tena kesho yake, na keshokutwa, nami nikamjibu maneno yaleyale. Pole pole akaacha kungoja, akaanza kuuliza baba alikuwa anapenda kula nini. Mtoto mwambieni ukweli kwa maneno mafupi, na awe amekaa na mtu anayempenda.

Huzuni haina ratiba. Kuna siku nilipika vizuri nikala, siku iliyofuata harufu ya mawese ikanikalisha chini. Hiyo ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni mtu ambaye miezi inapita hapati usingizi, hali chakula, hataki kuona watu, au anasema bora amfuate marehemu. Maneno hayo msiyachukulie kuwa ni uchungu tu. Asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya au hospitali ya Maweni siku hiyohiyo, hata kama ni mwanamume anayesema yuko sawa. Dua iendelee, na daktari amwone.

Kama kuna mtu umemzikia mwezi uliopita, mpigie leo. Mwambie, "Kesho saa nne nakuja kuwachukua watoto, wewe ulale kidogo." Kisha saa nne uwe mlangoni.