Piano kwa Anayeanza: Uzito wa Mkono Kabla ya Kasi

Wengi wanaonijia kujifunza piano hapa Kisumu wametoka katika kwaya za makanisa, wanasoma solfa (noti za do, re, mi) bila shida, na kinanda walichokizoea ni kile cha umeme chenye vibao 61 ambacho hulia kwa nguvu ileile, ukiguse taratibu au ukigonge. Ushauri wangu wa kwanza kwao ni kwamba waijue ala iliyo mbele yao, kwa sababu mbinu za mkono zinatokana na jinsi ilivyoundwa.

Piano iliundwa na Bartolomeo Cristofori, fundi mzaliwa wa Padua aliyeajiriwa na Ferdinando de' Medici huko Florence, Italia, nayo imetajwa katika orodha ya ala za ukoo wa Medici ya mwaka 1700. Katika harpsikodi, ala ya vibao iliyotangulia piano, uzi ulidonolewa na kijiti, hivyo mchezaji hakuweza kukuza wala kupunguza sauti kwa vidole isipokuwa kidogo sana. Cristofori alitumia nyundo badala ya kijiti. Kazi ngumu, na ndiyo ninayoistaajabia hadi leo, ilikuwa kuifanya nyundo hiyo iachane na kibao muda mfupi kabla ya kuufikia uzi, iugonge, kisha irudi nyuma papo hapo, maana ikiuegemea uzi sauti hufa. Piano zake 3 zingalipo, na iliyo ya kale zaidi, ya mwaka 1720, inahifadhiwa Metropolitan Museum of Art, New York. Baadaye ilikuja fremu ya chuma cha kusubu, ambayo Alpheus Babcock wa Boston aliipatia hataza mwaka 1825, nyuzi zikaweza kukazwa zaidi, na kufikia mwisho wa karne ya 19 vibao 88 vilikuwa vya kawaida.

Kwa kuwa nyundo huachana na kibao, kinachoamua ukubwa wa sauti ni kasi ya kibao kinaposhuka. Sauti ikishatoka, kukandamiza zaidi hakuongezi chochote ila huuchosha mkono. Kwa hiyo keti nusu ya mbele ya kiti, viwiko vikiwa karibu usawa wa vibao, vidole vimejikunja kidogo, kisha uache uzito wa mkono ushuke kupitia kidole cha kati. Kibao kikiwa bado chini, inua kifundo cha mkono huo kwa mkono mwingine: kikiinuka kwa urahisi, umelegea ipasavyo, kikigoma, bado unakaza. Rudia kwa kila kidole, kwa sauti ndogo na kubwa, kabla ya kugusa wimbo wowote.

Baada ya hapo ingia kwenye skeli ya C, yaani noti zinazopanda kwa mfuatano kuanzia C hadi C inayofuata. Vidole huhesabiwa 1 hadi 5 kuanzia gumba, na mkono wa kulia hupanda kwa 1, 2, 3, kisha gumba hupita chini na kuanza tena 1, 2, 3, 4, 5. Gumba lianze safari yake mara tu kidole cha 2 kinapobonyeza. Likichelewa, kiwiko huruka nje na noti ya nne hulia kwa kishindo. Umuhimu wa gumba ulisisitizwa na mtunzi Mjerumani Carl Philipp Emanuel Bach katika kitabu chake cha mwaka 1753 kuhusu upigaji wa ala za vibao, na mpaka sasa hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama.

Kwa wanaopiga kanisani, nawasihi mkiache kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, kinachopandisha au kushusha wimbo mzima huku vidole vikibaki palepale. Anayecheza kila wimbo katika C na kumwachia mtambo kazi ya kuhama hujikuta hana la kufanya mbele ya piano halisi. Mwanakwaya anajua tayari kwamba do huhama. Vidole navyo vifundishwe kuhama. Anza na G, ambayo vidole vyake ni vilevile vya C, kisha F, ambamo mkono wa kulia hupanda 1, 2, 3, 4 kabla ya gumba kupita, ili kibao cheusi kiangukie kidole cha 4.