Tipa imegonga injini ndani ya waranti, muuzaji anasema ni vumbi

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nina tipa ya tairi kumi niliyonunua mpya. Ina miezi 10 na kilomita 61,000. Waranti yake ni miezi 12 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Inabeba kifusi na mchanga, Msalato na Mtumba. Wiki iliyopita taa ya oili iliwaka, injini ikaanza kugonga, dereva akazima. Fundi wa muuzaji alikuja, akachungulia eya klina (chujio la hewa), akasema injini imekula vumbi. Tena sevisi mbili nilifanya kwa fundi wangu wa Kizota, kwa hiyo anasema waranti imekufa. Wananipa fomu nisaini wafungue injini, na ikionekana si kosa la kiwanda gharama yote iwe yangu. Nisaini?
Mwenye tipa, Dodoma

JIBU: Usiisaini ilivyo, ndugu yangu. Injini itabidi ifunguliwe, hilo halikwepeki, lakini ifunguliwe ukiwepo wewe au mtu wako, na ushahidi uchukuliwe kabla oili haijamwagwa. Oili ikishamwagwa na beringi zikichanganywa kwenye karai moja, hakuna atakayeweza kusema kilichoanza ni kipi.

Kabla ya kusaini, andika kwa mkono juu ya fomu hiyo kwamba unaruhusu kufungua kwa ajili ya ukaguzi tu, kwamba chanzo bado hakijakubaliwa, na kwamba spea zote zitakazotoka zitawekewa alama ya silinda yake na kuhifadhiwa hadi mgogoro uishe. Wakikataa maneno hayo, waandike barua kueleza kwa nini wanakataa.

Siku ya kufungua, anza na kompyuta ya injini. Omba wasome kumbukumbu za hitilafu na wakupe karatasi yake kabla hawajazifuta. Katika malori mengi ya sasa inaonekana presha ya oili ilishuka injini ikiwa imefanya kazi saa ngapi tangu ilipowashwa mara ya kwanza, kama injini ilichemsha, na kama iliwahi kuzungushwa kupita kiasi kwenye mteremko. Kama presha ilishuka saa 3,041.2 na injini ikazimwa saa 3,041.3, dereva wako alichelewa kama dakika sita tu. Ikionekana aliendelea kwa saa mbili huku taa inawaka, muuzaji ana hoja nzito na mimi sitakudanganya.

Kisha oili. Fungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), acha kidogo itangulie kuondoa uchafu wa chini, halafu kinga katikati ya mmwagiko kwenye chupa tatu safi na kavu, mililita 100 hadi 200 kila moja. Zifungwe, ziandikwe tarehe, namba ya injini na kilomita, na wote wawili msaini kwenye lebo. Moja yako, moja yao, moja ya maabara. Filta ya oili ikatwe kwa kikata bomba, isikatwe kwa msumeno, maana msumeno utamwaga vyuma vyake mwenyewe ndani na mtaanza kubishana juu ya chenga za msumeno. Kunjua karatasi ya filta, ikamue, pitisha sumaku. Chenga zinazonata ni chuma. Zisizonata na zenye rangi ya shaba mara nyingi ni za beringi.

Sasa hilo vumbi. Aliyechungulia eya klina hajaona beringi. Vumbi linaloingia kwa njia ya hewa lina njia yake, na njia hiyo huacha alama. Pangusa kwa kitambaa cheupe ndani ya hozi iliyo kati ya eya klina na tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini). Upande huo unatakiwa kuwa safi, hata kama nje ya filta kumejaa udongo mwekundu wa Msalato. Tazama mapanga ya tabo upande wa hewa. Vumbi hula ncha zake zikawa butu. Halafu laina, yaani ukuta wa ndani wa silinda: vumbi husaga sehemu ya juu, mistari ile ya kiwandani iliyopishana hufutika, ringi ya juu ya pistoni hukonda, na injini huanza kula oili na kupumua moshi mwingi muda mrefu kabla ya kugonga. Kwa kawaida hali hii huonekana kwenye silinda zote au karibu zote.

Kwa hiyo ukikuta laina bado zina mistari, hozi ni safi, na beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) moja tu ndiyo iliyoungua huku nyingine zikiwa nzima, hadithi ya vumbi haisimami. Hapo utafute tundu la oili lililoziba, konrodi iliyofungwa vibaya au kasoro ya beringi yenyewe. Beringi zote zikiwa zimelika sawasawa hadi shaba inaonekana, tatizo ni oili: imechoka, ni chafu, au imechanganyika na dizeli. Dizeli kwenye oili huweza kutoka kwenye nozeli inayovuja, na nozeli ni spea ambayo waranti nyingi huifunika, kwa hiyo hata hapo usikate tamaa.

Majibu ya maabara yasomwe kwa akili. Watakuonyesha silikoni iko juu na kusema ndilo vumbi. Gundi ya gasketi nayo hutoa silikoni kwenye injini mpya. Vumbi la ardhini huja na alumini pamoja, silikoni ikiwa mara kadhaa ya alumini. Sodiamu au potasiamu ikiwa juu, shuku kulanti (maji ya kupozea injini) imeingia kwenye oili.

Kuhusu sevisi ya Kizota, soma kijitabu cha waranti neno kwa neno. Kama kinasema sevisi lazima ifanyike kwa wakala, una udhaifu wa kimkataba, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ingawa ina sharti la ubora na bidhaa kufaa kwa kazi yake, inaruhusu pande mbili kuliondoa sharti hilo kwa makubaliano. Hata hivyo watake wakuonyeshe jinsi sevisi hiyo ilivyosababisha uharibifu huu. Utahitaji risiti za EFD zinazotaja aina ya oili na filta, na kilomita za siku ile. Angalia pia kiasi. Injini nyingi za lita 10 hadi 12 huchukua oili lita 25 hadi 40 hivi. Kama risiti yako ni ya ndoo moja ya lita 20 na injini yako inahitaji 36, umewapa fimbo wenyewe.

Jambo linalowaangusha wenye tipa wengi ni saa. Kilomita 61,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa ni saa 3,050 za injini. Ukibadilisha oili kila kilomita 10,000, umeikalisha saa 500. Vijitabu vingi hutaka kazi ngumu ya vumbi na kusubiri foleni ya kupakia ihesabiwe kwa saa, na mara nyingi oili ibadilishwe kila saa 250. Hesabu yako mwenyewe kabla hawajakuhesabia.

Mkishindwana, tafuta mhandisi mitambo aliyesajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) akague na kuandika ripoti, mkubaliane kabla nani anamlipa. Barua ya madai ipelekwe mapema, ikiwa na namba ya chasisi, saa, kilomita na siku uliyotoa taarifa, uwape siku 14. Malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 kisheria, lakini muda wa kutoa taarifa ulioandikwa kwenye waranti unaweza kuwa wa siku chache tu. Mapato uliyopoteza tipa ikiwa imelala, waranti nyingi haziyalipi.

Wakikupa nusu kwa nusu, yaani wao walipe spea na wewe ulipe ufundi, na ushahidi umechanganyika, mimi ningekubali. Ila krenki (shafti kuu ya injini) ikisagwa, chukua vipimo vyake kwa maandishi, pamoja na waranti ya kazi yenyewe. Na usikubali gari litoke kabla kipoza oili hakijabadilishwa. Chenga za beringi hujificha humo, kuosha kwa dizeli hakuzitoi zote, na ndizo huua injini mpya. Tabo ikaguliwe pia na mabomba ya oili yapulizwe. Baada ya kilomita 1,000 za kwanza mwaga oili, kata filta tena, piga picha.