Jibu: LinuxCNC inagoma kuwaka kwenye Pentium 4

Pole kaka, umesema LinuxCNC (mfumo wa kompyuta wa kuendesha mashine za kuchonga) inagoma kuwaka kwa flashi kwenye Pentium 4 yako; flashi yako haina kosa. Ule ujumbe uliouona kwamba kerneli (kiini cha mfumo) inataka x86-64 lakini imekuta i686 maana yake umepakua toleo la biti 64, na prosesa yako ni ya biti 32. Hata ukiandika flashi upya mara kumi haitawaka. Tafuta toleo la zamani la biti 32 lililojengwa juu ya Debian Wheezy (toleo la zamani la Linux), lenye kerneli ya RTAI, yaani ile inayotekeleza kazi kwa wakati wake bila kuchelewa. Kwa mashine ya kuchonga mbao inayoendeshwa kwa ile poti ya printa, kama yako, mimi naliamini sana.

Kompyuta nyingi za umri huo zinasumbua kuwaka kwa flashi, kwa hiyo choma toleo hilo kwenye DVD na uiweke DVD iwe ya kwanza kuwashia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta). Saa ikirudi nyuma kila ukizima, badilisha betri ya CR2032 kwanza, la sivyo mpangilio huo wa BIOS utafutika. Skrini ikibaki nyeusi baada ya menyu, ongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari wa kuwashia.

Ikishawaka, tafadhali usikimbilie kuunganisha mota. Endesha latency-test (programu inayopima kompyuta inachelewa kiasi gani kutekeleza kazi kwa wakati wake), halafu itese kompyuta: buruta madirisha, nakili faili kubwa, iache hata saa nzima. Namba ya Max Jitter (kuyumba kukubwa kabisa kwa muda) ikibaki chini ya nanosekunde 20,000, uko vizuri. Yangu ilikuwa inaruka vibaya mno kila nikiburuta dirisha. Nilipochomeka kadi ya skrini na kuachana na ile ya kwenye ubao mama, ikatulia. Ukishapima, tuwekee hapa namba uliyopata.